Moto Ndio Kazi Ndogo

Mtu akisikia kwamba shuleni nilisoma somo la chuma, maswali yake yote huwa ya moto. Hukuogopa cheche? Macho je? Na ile mashini haikukupiga shoti? Sijapata bado mtu wa kuniuliza habari za tupa. Nayo tupa ndiyo iliyokula kidato cha kwanza chote. Tulipewa kipande cha chuma bapa, tupa moja kwa wanafunzi wawili, na agizo: ukingo huu unyooke, kisha wa pili uwe mraba nao. Basi. Wiki zikaenda, viganja vikaota sugu, na mashini ya kuchomelea tukiiona tu kwenye kona ya karakana, imefunikwa turubai.

Ilikuwa shule ya kutwa hapa kisiwani Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na ahadi kwamba kila mtoto atatoka na kazi ya mikono, lakini hadi zamu yetu inafika, shule zenye karakana inayofanya kazi zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Si ajabu. Somo la historia lataka mwalimu na kitabu. Somo la chuma lataka vaisi, fuawe, mashini, stima isiyoyumba, na juu ya hayo chuma cha kuharibiwa na watoto kila muhula. Sisi tulirithi vifaa vya zamani, vizito, vilivyotengenezwa enzi ambazo watu hawakubania chuma, na mwalimu aliyevipaka grisi kila Ijumaa ili hewa ya chumvi isivile.

Mwalimu huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimpelekea kipande chako, aliweka skwea, kile kipimo cha pembe mraba, juu ya ukingo, akakiinua usawa wa macho kuelekea dirishani, akatazama. Mwanga ukipenya mahali, alikurudishia bila neno. Tatizo la wanaoanza ni moja: mikono haijatulia, tupa inabembea, inakula zaidi kwenye ncha mbili na kuacha katikati pametuna. Kwa jicho tupu huoni kitu. Kwa skwea waona mwanga pembeni zote mbili, na katikati giza.

Leo nimeshika mashini kwa riziki miaka mingi, na bado naona kwamba kazi ya fundi wa kuchomelea humalizika kabla hajawasha. Vipande vikikatwa sawa, vikasuguliwa vikang'aa, vikashikizwa palipopimwa, moto unakuja kutia muhuri tu. Vikikatwa ovyo, hapana fundi duniani wa kuviokoa kwa rodi, kile kijiti kinachoyeyuka kuunga chuma. Atajaza pengo, ndiyo. Atarundika chuma mpaka kionekane kimeshikana. Lakini kazi ya namna hiyo naijua nikiiona, na nafikiri niliijua tangu pale kwenye mwanga wa dirisha, kabla sijashika rodi hata moja.

Mashini ilifunuliwa kidato cha pili. Nilidhani tutapanga foleni kila mmoja ajaribu. Mwalimu alitugeuza tuangalie ukuta, darasa zima, migongo kwa mashini. Akasema, "Leo mwatumia masikio." Akawasha. Kwanza tukasikia mfoko wa kukatika-katika, wenye kutema: hapo, alisema, ncha ya rodi iko mbali na chuma. Kisha sauti nzito ya chini, ikakoma ghafla: rodi imenasa. Mara ya tatu ukaja mchachatiko wa mfululizo, sauti ile ile ya viazi karai vikitumbukizwa kwenye mafuta yaliyokolea moto. "Hii ndiyo," akasema. "Ikiwapotea, simamisha mkono, utafute sababu."

Sababu zenyewe si nyingi, na alizitaja huku bado tunatazama ukuta. Umbali wa ncha ya rodi na chuma usizidi sana unene wa ule waya wa ndani ya rodi. Rodi ya geji 12, ambayo ni kama milimita 2.5, yataka ampea 70 hadi 90 hivi. Ya geji 10, yenye milimita 3.2, yapanda mia na ushei. Ukitia umeme mdogo, chuma cha rodi kinakaa juu bila kuingia. Ukizidisha, kingo za mshono zinalika na kuacha mifereji, na bomba jembamba linatoboka. Mwendo wa mkono nao ni huo huo: ukikimbia waacha uzi, ukichelewa warundika kichuguu. Na klempu ya arthi, kile kibano kinachorudisha umeme kwenye mashini, ishike chuma kitupu, isishike rangi wala kutu. Katika kazi za mtaani, nusu ya malalamiko kwamba "mashini mbovu" ni klempu iliyoshika kutu.

Kwenye pakiti za rodi kulikuwa na namba, E6013, nasi tulizisoma kwa kukariri mpaka zikaleta maana. Hiyo 60 ni nguvu ya chuma chake kikivutwa, pauni elfu 60 kwa kila inchi ya mraba. Ile 1 yasema waweza kuchomelea kwa mlalo wowote, hata juu ya kichwa chako. Ya mwisho yahusu unga ulioipaka rodi. Unga ule si pambo. Ukiungua hutoa moshi unaoizuia hewa isikiguse chuma kilichoyeyuka, kisha huganda juu ya mshono na kuwa gamba gumu, mavi ya chuma, ambalo lazima ulipasue kwa nyundo ndogo na kulisugua kwa brashi ya waya kabla ya kupita mara ya pili. Ukiliacha, umelizika ndani ya kazi yako.

Sasa, unga huo hunywa unyevu, na Mombasa unyevu haununuliwi. Mwezi wa tano, mvua za masika zikipiga, daftari lenyewe hulegea mkononi. Rodi iliyolala wazi wiki moja ikiwashwa hutema, huruka cheche kubwa, na mshono wake hutoka na vitundu. Mwalimu alikuwa na friji bovu nyuma ya karakana, halina gesi wala mota, lakini ndani kaning'iniza balbu ya wati 60 inayowaka usiku na mchana. Rodi zote zililala humo. Wageni walidhani ni kituko. Miaka baadaye, kwenye karakana za meli kule Kilindini, nikakutana na majiko maalumu ya kutunzia rodi, na vikebe vya umeme ambavyo fundi huvibeba begani ili rodi zake zibaki za moto mpaka dakika ya kuzitumia. Kazi ni ile ile ya friji letu, tofauti ni bei.

Kuhusu umeme niseme jambo ambalo vitabu vya shule havilitilii mkazo wa kutosha, maana viliandikwa na watu wa baridi. Mashini ikiwa imewashwa na hujaanza kuchomelea, kwenye kishikio cha rodi kuna volti kati ya 50 na 80. Kwa mtu mkavu mwenye glavu kavu, ni kidogo. Kwa mtu wa Mombasa saa saba mchana, chini ya paa la mabati, glavu zimelowa jasho na shati limegandama mgongoni, hapana kitu kidogo hapo. Mwalimu alikataza kubadilisha rodi huku umeegemea meza ya chuma, na kila mmoja alikuwa na kipande cha ubao cha kusimamia. Yeyote aliyevua glavu kwa sababu ya joto alitolewa nje. Tulimwona mkali bure.

Na macho. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho kwa miale isiyoonekana, na ubaya wake ni kwamba hausemi papo hapo. Unatazama kidogo tu, wajionea sawa, wapanda matatu, wafika nyumbani, wala chakula cha usiku. Saa sita za usiku ndipo unapoamka ukidhani mtu kakumwagia mchanga machoni. Darasani kwetu walipatikana wengi, hasa waliokuwa wakichungulia kazi ya mwenzao kutoka pembeni. Mitaani dawa ni vipande vya viazi au maziwa. Kiazi baridi hutuliza kwa ubaridi wake, maziwa mimi simtilii mtu machoni, na mwenye maumivu aende zahanati atazamwe. Kwa kawaida jicho hujiponya kwa siku moja au mbili likipumzishwa. Kinga ni kioo cheusi namba 10 au 11 kwenye kofia inayofunika uso mzima hadi shingoni. Ile miwani ya jua wanayovaa mafundi wengi kando ya barabara huwapa ujasiri tu. Watoto wanaosimama kutazama wakitoka madrasa hawana hata miwani hiyo, na hakuna anayewafukuza.

Nirudi darasani, maana nimesahau kisa cha nyundo.

Tulipofika kuunga vipande viwili kwa umbo la T, kulikuwa na mwenzetu mmoja mwenye mkono mtulivu kupita sisi sote. Mshono wake ulikuwa umepangika, mawimbi madogo yanafuatana sawasawa, hata mwalimu wa hesabu aliitwa aje auone. Mwingine, kijana wa Likoni, alitoa kitu cha aibu: kimevimba huku, kimenyauka kule. Mwalimu akakibana cha kwanza kwenye vaisi na kukipiga nyundo kuelekea upande usio na mshono. Kikang'oka kwa pigo la kwanza. Akatupitishia tukiangalie kwa ndani: kile chuma cha rodi kimebanduka kizima, na chini yake ukingo wa bamba bado una alama za tupa, haukuyeyuka. Kilikuwa kimelala juu tu. Akakibana cha kijana wa Likoni. Akapiga, akapiga tena, bamba likapinda mpaka likagusa mwenziwe, na mshono ule mbaya haukuachia.

Mwenye mkono mtulivu alikuwa ametumia ampea ndogo ili asitoboe na mshono uonekane mzuri. Yule mwingine hakujua anachofanya, lakini moto wake uliingia. Mwalimu hakumsifu. Alimwambia, "Wako umeshika kwa bahati. Nenda ukaushikishe kwa kukusudia." Tangu siku hiyo nikaacha kuamini mshono kwa sura.

Kazi iliyonifungua akili kuliko zote ilikuwa fremu ya dirisha. Upana milimita 1,200, kimo milimita 900, kwa chuma cha pembe. Tulikata pembe nne kwa nyuzi 45, tukazipanga juu ya meza, skwea ikasema sawa. Tukashikiza kila kona kwa tone moja. Hapo mwalimu akatwambia tupime kona kwa kona, mshazari wa kwanza na wa pili, na tusimuite mpaka yote miwili isome 1,500. Mtoto yeyote wa darasa la nane alishakariri tatu, nne, tano, zile pande za pembetatu mraba. Lakini hapana hata mmoja wetu aliyewahi kuiona ikifanya kazi. Mshazari mmoja wetu ulisoma 1,504 na mwingine 1,496. Fremu ilikuwa imelala upande, na kwa macho hakuna aliyeona. Tukaigonga kona ndefu kwa nyundo ya mbao mpaka namba zikakutana.

Kisha tukajifunza kwamba ukichomelea kona moja mpaka mwisho, ikipoa chuma husinyaa na kuvuta fremu nzima kuelekea kwake. Ndiyo maana fundi anayejua huruka: anatia kidogo kona hii, anahamia ya mshazari, anarudi. Hata sasa nikiingia nyumba ya mtu nikaona geti linaburura chini upande mmoja, huwa najua aliyelitengeneza alikuwa na haraka ya chakula cha mchana.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Mamangu alitaka niingie biashara ya kutoa mizigo bandarini, kazi ya shati jeupe na viatu vyeusi. "Nikusomeshe, uje unuke moshi?" Majirani walisema yao pia. Somo la chuma lilihesabiwa la wale ambao fizikia imewashinda, ilhali sisi tuliokuwa ndani tulijua kuna maswali ya fizikia humo kuliko kwenye fizikia yenyewe. Sikubishana naye. Nilimtengenezea ulimi wa mbuzi ya nazi.

Nilianza na chuma cha kawaida, kile kile cha darasani. Mwalimu akaniacha nichonge meno yote kwa tupa ya pembe tatu, kazi ya jioni nyingi, kisha akaniuliza nitakifanyaje kiwe kigumu. Nikasema nitakipasha moto nikitumbukize. Akasema, "Kijaribu." Kikatoka vile vile, laini. Chuma hicho kina kaboni chini ya asilimia 0.25, na kaboni ndiyo inayogeuka ikawa ugumu chuma kikipozwa ghafla. Pasipo kaboni, waweza kukitumbukiza hadi Kiyama. Akanielekeza kwa mafundi wa magari wanaotupa springi kuukuu. Chuma cha springi ya gari kina kaboni kama asilimia 0.6, na wahunzi wa pwani hukitumia kwa visu na mapanga tangu magari yaanze kuharibika hapa.

Tulikikata, tukakichomelea kwenye shina lake la chuma cha kawaida, na hapo palikuwa na somo jingine. Mwenzangu alichomelea wa kwake akauacha upoe kwa upepo wa dirishani. Asubuhi akaukuta umepasuka, na ufa haukuwa kwenye mshono bali kando yake, kwenye springi. Sehemu ile ilikuwa imepata moto wa ghafla na kupoa kwa ghafla, ikawa ngumu na dhaifu. Wangu mwalimu aliniamuru niupashe kwanza kwenye makaa mpaka tone la maji liruke juu yake, nichomelee ukiwa bado moto, kisha niuzike kwenye ndoo ya majivu hadi kesho yake.

Mwisho nikaupasha ncha mpaka ukawa mwekundu wa kuiva, nikauzamisha kwenye mafuta machafu ya injini. Ukiuacha hivyo, meno huvunjika vipande vipande, kwa hivyo lazima uusugue ung'ae, kisha uupashe tena polepole huku ukitazama rangi zinavyotembea juu ya chuma. Njano ya majani makavu hutokea kwenye nyuzi 230 hivi, hudhurungi kwenye 260, zambarau kwenye 280, na buluu karibu na 300. Nilisubiri hudhurungi ianze kuingia zambarau, nikauzima. Sijui kitu kingine nilichojifunza shuleni kinachopendeza kukitazama kiasi hicho. Mamangu alikuna nazi mbili, akasema, "Yakuna," akaendelea na wali wake. Habari za bandarini hakuzirudia kwa muda.

Baada ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilikwenda kwa mjomba wangu Changamwe, mwenye kibanda cha magrili na mageti. Huko ndiko nilikojua shule haikunifunza nini. Haikunifunza kasi. Haikunifunza kuongea na mteja anayekataa bei huku ameshika simu ya bei mara tano. Wala haikunifunza kuchomelea usiku, stima inapodhoofika na taa za majirani zinafifia kila ukigusa chuma, na jirani atoka nje amefunga shuka kuuliza kama sisi tuna TV au hatuna.

Mjomba naye alikuwa na mambo yake. Kulikuwa na mafundi waliomwambia mteja bomba ni la geji 16, wakatia la geji 18. Kwa nje huoni. La 16 lina unene wa milimita 1.6, la 18 ni 1.2 tu, na likishapakwa rangi yote ni sawa. Kwetu hilo halikufanyika, si kwa uchamungu peke yake: mjomba alisema bomba jembamba ni balaa kwa mchomeleaji, linatoboka kila likiguswa, na unapoteza kwa rodi na saa ulichookoa kwa chuma. Mteja akitaka kujua, asimamie ununuzi na kuangalia mdomo wa bomba lililokatwa kabla halijafungwa. Au alipime uzito.

Adui wa kweli wa kazi za hapa ni chumvi. Tembea mtaa wowote wa Nyali au Mtongwe unaopigwa na upepo wa bahari, tazama mageti. Kutu huanzia kwenye kiungo. Fundi ameacha mavi ya chuma kwenye kona, rangi imepakwa juu yake, gamba limebanduka baada ya miezi na kuacha mlango wazi. Au ameacha pengo dogo nyuma ambako maji hutuama. Au ametumia bomba lililopakwa zinki akidhani zinki itamlinda, akasahau kwamba zinki huchemka kwenye nyuzi 907 nacho chuma huyeyuka zaidi ya 1,500. Palipopita mshono, zinki haipo tena. Imekwenda hewani, na sehemu yake imeingia kifuani mwa fundi. Moshi ule mweupe huleta homa ya jioni, baridi, mdomo wenye ladha ya bati. Mafundi hunywa maziwa wakidhani yanaosha. Hayaoshi kitu. Ikwangue zinki kwa grainda kabla, simama upande upepo unakotokea, na ukimaliza, paka rangi ya zinki au redoksaidi siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

Kutoka kwa mjomba nilifanya mitihani ya ufundi ya serikali, ile inayosimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa maana cheti cha KCSE hakimfanyi mtu kuwa mchomeleaji. Kinamfanya mtu anayejua achomelee nini na kwa nini. Kisha nikaingia kazi za meli. Huko hujaribiwa kwa mikao: bamba lililolala, lililosimama, la juu ya kichwa, na wa mwisho, 6G, bomba lililokazwa kwa mwinamo wa nyuzi 45 ambalo hulizunguki bila kubadilisha mkono na shingo. Ukimaliza, mkaguzi hakutazami usoni. Anakata vipande kutoka kwenye mshono wako, anavipinda kwa mashini mpaka viwe umbo la U, anatafuta ufa. Nilipoona vile mara ya kwanza nilicheka kwa ndani. Ilikuwa nyundo ya mwalimu, imevaa sare.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya binti wa kakangu. Mwaka huu wa 2026 ameingia Gredi ya 10, katika kundi la kwanza kabisa la mfumo mpya, na kwenye orodha ya masomo ya kiufundi aliona ufundi wa chuma umerudi ukiwa na heshima zake, pamoja na umeme, mbao na ujenzi. Akanijia: "Ami, niuchukue?" Sikumjibu. Nilimpa maswali ya kwenda kuuliza shuleni. Mashini ni ngapi, na zafanya kazi au zatazamwa tu? Kofia za uso je, kila mmoja na yake? Rodi zakaa wapi? Kuna pazia la kuwakinga wasiochomelea? Chuma cha mazoezi kinunuliwa na nani? Akarudi na karatasi imejaa. Mashini mbili nzima, moja mbovu. Kofia hazitoshi, lakini pazia lipo. Kuhusu rodi, mwalimu alimwuliza kwa nini ataka kujua, kisha akamwonyesha kabati lenye balbu.

Akalichukua somo. Kofia nilimnunulia mpya. Hiyo si kitu cha mtumba. Buti tulikwenda kutafuta Kongowea. Muuzaji alitutajia bei ya buti jipya, akaapa ncha yake ni ya chuma. Msichana akaligonga mbele kwa rula yake, likalia. Akaligeuza, akalikunja, akalishika usawa wa macho kuelekea kwenye jua.

"Chuma ipo," akasema, "lakini soli imeachana hapa katikati, mwanga wapita."

Tukaenda kibanda cha pili.